Muulize Fundi: Tachipadi inafanya kazi asubuhi, mchana inagoma

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe. Nina laptopu iliyotumika, ya kutoka Dubai, naitumia mwaka wa tatu sasa. Kwa wiki tatu tachipadi, kile kibao cha kuendeshea kishale kwa kidole, imekuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi, lakini ikifika saa nane mchana kishale kinaganda, au kinaruka na kufungua vitu sijavigusa. Kijana mmoja amenipigia Windows upya mara mbili, kila mara Sh 15,000, na baada ya siku mbili hali ni ileile. Nikichomeka mausi ya waya naendelea na kazi. Sasa anasema ninunue tachipadi mpya. Ninunue? Halafu siku hizi hata kuibofya kumekuwa kugumu, sijui ni vumbi.

JIBU: Mwalimu, nzuri, pole na usumbufu. Usinunue chochote kwanza. Ulichokitupia mwishoni kama nyongeza, kwamba kubofya kumekuwa kugumu, ndicho kilichonifanya niweke chai pembeni.

Chukua rula yako ya darasani, ile ngumu. Zima laptopu, chomoa chaja, kisha ilaze rula kwa ubavu wake pale unapopumzishia viganja, ikatize juu ya tachipadi kutoka kushoto kwenda kulia. Ikitulia sawasawa, ruka hadi pale chini panapoanza "Sasa, kama rula ilitulia". Ikibembea kama mizani ya duka, betri imevimba. Fanya na jaribio la pili: funga laptopu, iweke juu ya meza iliyonyooka, bonyeza pembe moja moja. Ikichezacheza wakati zamani haikucheza, jibu ni lilelile.

Kwenye laptopu nyingi nyembamba betri imelala ndani, chini ya viganja vyako, jirani kabisa na tachipadi. Ni vifuko laini vya lithiamu. Vikichakaa, hasa kwa joto na kwa kuachwa kwenye chaja kutwa nzima vikiwa vimejaa, dawa ya ndani huoza taratibu na kutoa gesi. Kifuko kinaumuka kama andazi. Kikiumuka kinaisukuma tachipadi kutoka chini, na swichi ya kubofya inabaki imekandamizwa. Kompyuta inaamini umeshikilia kidole hapo muda wote, ndiyo maana inafungua vitu hujavigusa. Asubuhi mashine imepoa, gesi imesinyaa kidogo. Saa nane, joto la Korogwe na chaja juu yake, gesi inatanuka. Windows haihusiki, hata ipigwe mara kumi.

Simlaumu sana huyo kijana, maana na mimi nimeshafanya hivyo hivyo. Mama mmoja mhasibu aliniletea laptopu yenye shida kama yako. Nikabadilisha draiva (programu ndogo inayoendesha tachipadi), nikapiga Windows, nikasafisha utepe wa tachipadi kwa spiriti, siku mbili zikaisha. Siku ya tatu nikalegeza skrubu za mwisho na mfuniko wa chini ukaruka wenyewe, "tap!", kama kuna mtu ndani anausukuma. Betri ilikuwa nene mara mbili ya kawaida. Tangu siku hiyo rula inakaa kwenye droo moja na bisibisi zangu.

Kama ndivyo ilivyo kwako, usiichaji tena na usiilaze kitandani. Betri usiibonyeze irudi bapa, na mtu yeyote asikushauri kuitoboa eti itoe hewa: ikitobolewa inawaka, na moto wake hauna masihara. Mpe fundi aitoe kwa kijiti cha plastiki, si kwa bisibisi. Laptopu nyingi zinakubali kuwaka kwa chaja peke yake bila betri, kwa hiyo mitihani utaichapa, ila umeme ukikatika nayo inazima. Hifadhi kazi kila mara. Betri iliyotolewa isitupwe jalalani kwenye moto. Mwachie fundi, au iweke nje kwenye kopo lenye mchanga mkavu mpaka upate wa kuipokea. Mara nyingi tachipadi yenyewe inapona hapohapo mzigo ukishatoka chini yake.

Sasa, kama rula ilitulia. Kwenye kibodi tafuta kitufe chenye picha ya tachipadi iliyokatwa mstari, kibonyeze pamoja na Fn. HP za zamani unagonga mara mbili kona ya juu kushoto ya tachipadi. Kisha tumia mausi uingie kwenye mipangilio ya tachipadi, uone kama imezimwa, au kama imewekwa ijizime mausi ikichomekwa. Halafu chagua Restart, si Shut down: tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huacha sehemu ya mfumo imelala tu, haianzi upya. Na kama inaruka chaja ikiwa imechomekwa tu, jaribu chaja nyingine. Tachipadi inahisi umeme mdogo wa kidole, si uzito wake, kwa hiyo chaja mbovu au soketi isiyo na ethi (waya wa kwenda ardhini) inaichanganya.

Ukienda kununua betri, usimtajie muuzaji jina la laptopu peke yake. Nenda na ile kuukuu, au piga picha namba iliyoandikwa juu yake, pamoja na volti. Modeli moja inaweza kuwa na betri za maumbo mawili, na dukani watakuuzia iliyopo.