Manesi hawakai kisiwani, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Ukerewe, zahanati yetu wanaletewa manesi, wanaripoti vizuri tu, alafu mwaka haujaisha unasikia kaomba uhamisho Mwanza mjini. Juzi mjamzito kapelekwa Nansio usiku kwa bodaboda. Kijiji tufanye nini wakae? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Marahaba ndugu yangu, poleni sana. Watu wanasema ni mshahara tu, mi sikubaliani, maana hela haimsaidii mtu anayelala chumba kinachovuja, maji anachota ziwani, na kila ishu ya ofisi mpaka apande kivuko. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hili 2010 likaurudia 2021, na humo kuna nyumba nzuri, usalama kazini, nafasi ya kwenda kusoma, na hili ambalo naona huku tunalisahau, kuchukua vijana waliokulia vijijini wakasomeshwe uuguzi na udaktari, hao ndo wana uwezekano mkubwa wa kurudi.

Sasa nyie anzeni na nyumba. Pelekeni hoja mkutano wa kijiji, mchanga na mawe mnavyo, nguvu zenu zipo, bati na fundi ombeni halmashauri kupitia diwani, na choo kiwe ndani jamani, nani anataka kutoka nje usiku viboko wanakula majani pale!

Na muulizeni nesi mwenzi wake yuko wapi. Kama ni mwalimu kule Sengerema, barua ya kumhamishia shule ya jirani ifuatilieni mpaka ijibiwe.