Magereza hayazuii kufundisha sheria, ila ingia ukijua haya

Mleta mada anasema ana shahada ya sheria, amemaliza mafunzo ya uwakili na mezani ana barua mbili za kazi: moja ya uendeshaji mashtaka, nyingine ya ofisa sheria wa magereza. Ndoto yake ni kuja kufundisha sheria ya jinai chuoni. Waliotangulia kuchangia wengi wamemwambia akimbie magereza, kwamba huko hakuna sheria, kuna makufuli tu, na ukiingia ndiyo umezikwa.

Mimi nimepita kote: mashtaka, magereza, sasa chuo. Mpangilio huo haukuwa mkakati wowote, ni nafasi zilivyotokea. Jibu langu linatofautiana na la wengi humu. Kama kweli lengo ni kufundisha jinai, barua ya magereza usiitupe hivihivi.

Mashtaka nitayapitia haraka maana wengi mnayajua. Anayeyaona kwenye filamu hudhani kazi ni kusimama na kuongea. Sehemu kubwa ni kusoma majalada na kuamua lipi liende mahakamani, lipi lirudi kwa mpelelezi, lipi lifungwe. Nakumbuka jalada moja la dawa za kulevya lililokuwa limekamilika kwa kila hali: mashahidi wapo, maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikisha baada ya kuonywa juu ya haki zake) yapo, ripoti ya maabara ipo. Nilipoiweka hati ya ukamataji pembeni ya fomu ya maabara, pakiti iliyokamatwa ilikuwa na alama moja na iliyopimwa ina alama nyingine, na katikati hakuna karatasi inayoeleza nani aliishika. Kesi hapo hakuna, hata kama moyoni unaamini mtu kafanya. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa juu ya waendesha mashtaka, uliopitishwa Havana mwaka 1990, unamkataza mwendesha mashtaka kuendelea na kesi pale uchunguzi usioegemea upande unapoonyesha shtaka halina msingi. Kuusoma ni rahisi. Kuutekeleza mpelelezi akiwa amekaa mbele yako kanuna, hiyo ni habari nyingine.

Upungufu wa mashtaka ni kwamba hukumu ikishasomwa, wewe umemaliza. Mtu anapandishwa karandinga, unafungua jalada linalofuata. Unaweza kuomba "adhabu kali iwe fundisho kwa wengine" miaka nenda rudi bila kujua adhabu uliyoiomba inahesabiwaje.

Na hapo ndipo magereza yalinifungua macho.

Sehemu yenye sheria nyingi kuliko zote gerezani ni meza ya mapokezi. Karandinga linafika jioni, watu wanashushwa, karani anapokea hati za kifungo moja moja. Kanuni za Mandela, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwashughulikia wafungwa kama zilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, zinasema mtu asipokelewe gerezani bila amri halali. Kwenye maandishi inaonekana jambo dogo. Kwenye meza, hati haina muhuri, au jina la kwenye hati si analolitaja mtu aliyesimama mbele yako, au kifungu cha sheria kilichoandikwa hakifanani na kosa. Saa hizo mahakama imefungwa na dereva anataka kuondoka.

Niwape mfano wa hati ya aina niliyokutana nayo zaidi ya mara moja. Makosa matatu: la kwanza miaka 3, la pili miaka 2, la tatu miezi 6. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kama adhabu zinatumikiwa kwa pamoja au moja baada ya nyingine. Zikienda pamoja ni miaka 3. Zikifuatana ni miaka 5 na nusu. Kwa nchi ambayo mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja, wa kwanza anatoka baada ya miaka 2, wa pili baada ya miaka 3 na miezi 8. Tofauti ni miezi 20, na imetokana na mstari mmoja ambao hakimu hakuuandika, au aliusema kwa mdomo na karani hakuunakili. Bado hujagusa muda aliokaa mahabusu: unatolewa au hautolewi? Hakimu aliuzingatia wakati wa kupanga adhabu, au alitaka ninyi ndio muutoe? Ukiutoa wakati yeye alishauhesabu, umempa mtu punguzo mara mbili. Usipoutoa wakati hakuuhesabu, umemfunga mtu bila amri ya mahakama.

Kazi ya ofisa sheria hapo si kukisia. Anatafuta mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, na anamwandikia msajili wa mahakama barua fupi isiyo na kejeli kuomba hati irekebishwe, kisha anaifuatilia hiyo barua mpaka ijibiwe. Kufuatilia ndiko wengi wanakoshindwa. Barua inatumwa, nakala inaingia kwenye faili, kila mtu anajiona katimiza wajibu, na mfungwa anaendelea kuuliza swali lilelile kila asubuhi wanapohesabiwa: afande, natoka lini?

Eneo la pili ni mashauri ya nidhamu ndani ya gereza. Askari analalamika kwamba mfungwa kakataa kazi, na mkuu wa gereza anasikiliza na kutoa adhabu. Kanuni za Mandela zinataka mfungwa aambiwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa na nafasi ya kujitetea. Zinakataza pia kumtenga mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo, na kutengwa kwenyewe kunatafsiriwa kuwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kuchangamana na binadamu kwa maana yoyote ya kweli. Ukimsomea hayo mkuu wa gereza mwenye askari wachache na vyumba vilivyojaa, atakuangalia tu. Nilichojifunza ni kutoingia ofisini kwake na katazo bila njia mbadala. "Hilo haliruhusiwi, afande" linafunga mazungumzo. "Hilo tukilifanya litatufikisha mahakamani, ila tukiandika shauri hivi na kumhamishia kule, tutakuwa salama" linasikilizwa. Askari waliniita wakili wa wafungwa, wafungwa wakaniona mtu wa serikali, na nadhani ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa nafasi ile.

Halafu kuna rufaa. Wanafunzi wa sheria hudhani rufaa inaanzia kwa wakili. Ya mtu asiye na wakili inaanzia gerezani, kwenye taarifa ya kusudio la kukata rufaa iliyoandikwa kwa mkono na kupelekwa na ofisi ya gereza kabla muda haujaisha. Mfano maarufu ni Clarence Earl Gideon wa Marekani, aliyeandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani Florida. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaamua kwamba mshtakiwa asiye na uwezo katika kosa zito apewe wakili, kesi yake ikasikilizwa upya na akaachiwa. Wanafunzi wanaikariri kesi hiyo. Ni wachache wanaojiuliza ombi lile lilitokaje mle ndani. Gerezani nilikuta wafungwa wanaowaandikia wenzao sababu za rufaa, na wapo waliojua sheria ya utambuzi wa mtuhumiwa usiku kuliko mawakili wachanga: taa ilikuwa upande gani, umbali kiasi gani, shahidi alimtazama kwa muda gani, alimtaja kwa nani mara ya kwanza. Wapo pia waliokuwa wanawatoza wenzao kwa kunakili sababu zilezile kumi kwa kila mtu, hata kwa aliyekiri kosa mahakamani! Ukiwa ofisa sheria utayaona yote mawili.

Sasa ubaya wake, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Kazi ya magereza ni ya kijeshi kwa sehemu kubwa: vyeo, saluti, uhamisho wa ghafla. Mwanasheria mpya mwenye hoja sahihi anaweza kunyamazishwa na mwenye nyota nyingi asiyejua kifungu. Ujuzi wa kusimama mahakamani unashika kutu usipoutumia. Na moyo unachoka. Kuna mtu utahakikisha faili lake limekaa sawa, rufaa imekwenda kwa wakati, kisha rufaa inatupwa, na kesho yake unapishana naye ukumbini. Kuna mwingine atashinda kwa dosari ya kisheria na wewe unajua alichofanya. Usipopata mtu wa kuongea naye nje ya kazi, utakuwa mkali bila sababu au utaacha kujali, na yote mawili hayakufai.

Kuhusu kufundisha. Hapa nakubaliana na waliosema chuo hakiajiri mtu kwa stori za gerezani. Kinataka shahada ya uzamili, baadaye uzamivu, na maandiko yaliyochapishwa. Ila tofauti ni hii: mwenye kuanza uzamili akiwa magereza hahangaiki kutafuta mada. Yenyewe inamfuata mezani. Mimi yangu ilitoka kwenye zile hati za kifungo. Ombeni kibali cha utafiti kwa maandishi kabla ya kugusa faili lolote, na majina ya watu yasitoke. Uliyoyasikia ukiwa kazini hayageuki kuwa mali yako ya darasani kwa sababu umeacha sare.

Darasani nafanya zoezi moja kabla ya kufundisha nadharia yoyote ya adhabu. Nawagawia hati ya kifungo niliyoitunga, yenye makosa matatu kama ile ya juu, nasema niandikieni tarehe ya kutoka. Majibu yanatofautiana kwa miaka. Wale wenye alama za juu ndio hubishana zaidi, kwa sababu wamesoma hukumu nyingi za rufaa na hawajawahi kuona karatasi inayomfunga mtu. Baada ya hapo ukitaja malengo ya adhabu, yaani kumrekebisha mtu, kisasi, kuzuia uhalifu, wanasikiliza kwa sikio jingine. Zoezi la pili ni kuwapa mhalifu yuleyule na kuwataka wamwandalie adhabu ya nje ya gereza inayotekelezeka, tukiwa na Kanuni za Tokyo za mwaka 1990, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu adhabu zisizo za kifungo, mkononi. Wengi huandika "huduma kwa jamii" na kuishia hapo. Nauliza: nani atamsimamia, asipofika siku ya pili nani anaandika, na anamwandikia nani? Kimya.

Kwa wahadhiri mliomo humu wenye kupenda kupeleka wanafunzi magerezani, naomba tusiwapeleke kama wanaokwenda kutazama wanyama. Kuna mfano mzuri wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ulioanza mwaka 1997, ambapo wanafunzi na wafungwa wanakaa darasa moja gerezani na kusoma somo moja kwa muhula mzima. Inahitaji uvumilivu katika kushughulika na uongozi wa gereza, na si kila mahali itakubalika. Lakini ziara ya asubuhi moja ya kupita kwenye korido wakichungulia vyumbani, mimi nimekataa kuisimamia.

Kwa mleta mada: ukichukua mashtaka kwanza, sawa kabisa, utajua jalada linavyojengwa. Ukichukua magereza, kabla ya kusaini waulize mambo haya na upate majibu yaliyoandikwa. Je, leseni yako ya uwakili inabaki hai ukiwa mtumishi wao, au inasimama? Utaruhusiwa kusimama mahakamani kwa mashauri ya idara? Unaripoti kwa mwanasheria mwenzako makao makuu au kwa mkuu wa gereza? Wana utaratibu wa ruhusa ya masomo, na aliyewahi kuupata ni nani, uongee naye? La tatu ndilo zito kuliko yote. Ofisa sheria anayeripoti kwa mkuu wa gereza peke yake atajikuta anaandika maoni yanayompendeza mkuu huyo, hata awe na msimamo kiasi gani. Wakikwambia uko chini ya makao makuu na ruhusa ya masomo ipo, mimi ningesaini.