Magoti Yangu na Njia ya Msalaba

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Goti langu la kulia limechoka, siwezi tena kupiga magoti mara 14 kwenye Njia ya Msalaba, kila kituo cha mateso ya Yesu mara moja. Ijumaa za Kwaresima nabaki benchini wenzangu wakiinama, naona aibu. Je, nikisali nyumbani peke yangu inafaa? Halafu mkwe wangu mlokole ananiambia Veronika, yule mama wa kituo cha sita aliyempangusa Yesu uso, hayumo kwenye Biblia. Nimjibu nini?
Mama wa watoto wanne, Morogoro

JIBU: Milele amina, mama. Pole na goti.

Aibu hiyo iondoe leo. Kupiga magoti ni desturi yetu nzuri, lakini Kanisa likieleza masharti ya rehema kamili (kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa ibada hii, linachotaja ni kutembea kutoka kituo hadi kituo huku tukiyatafakari mateso ya Bwana. Tena watu wakiwa wengi, inatosha kiongozi atembee, wengine wabaki mahali pao. Kwa hiyo wewe uliyekaa benchini umo ndani ya ibada sawasawa na kijana aliyebeba msalaba.

Nyumbani pia sali. Asiyeweza kabisa kufika kwenye vituo, akisoma na kutafakari mateso ya Bwana kwa muda, tuseme robo saa, hanyimwi rehema hiyo, mradi atimize na masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote.

Ila nakuomba usikisome mbiombio kitabu cha sala. Mama yangu mzazi alipopooza upande wa kushoto, nilimfungia mafundo 14 kwenye kamba ya katani, nikaifunga kwenye tendegu. Mimi nasoma, yeye vidole vya mkono wa kulia vinatembea. “Ee Yesu, tunakuabudu, tunakushukuru.” Naye anaitikia kwa ulimi mzito: “Kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu.” Fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akifika la nne, Yesu anapokutana na Mama yake, vidole vinaganda. Alikuwa amezika watoto wawili, kaka zangu. Mwanzoni nilikuwa namsogezea kidole ili tumalize. Siku moja aliuvuta mkono wake, akalishika tena fundo lile. Nikafunga kitabu. Tulikaa hapo mpaka giza likaingia, wala hatukufika kituo cha tano. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, lakini kutafakari nilifundishwa pale kitandani.

Sasa mkwe wako. Kasema kweli, na usimbishie. Veronika hamo katika Injili, wala kule kuanguka mara tatu. Hayo tumeyapokea katika mapokeo ya waamini, na ibada yenyewe ilienezwa sana na Wafransiskani, walinzi wa mahali patakatifu Yerusalemu. Zamani idadi ya vituo ilitofautiana, mpaka Papa Klementi XII alipoiweka 14 mwaka 1731. Na Ijumaa Kuu ya mwaka 1991, pale Colosseum mjini Roma, Papa Yohane Paulo II alisali vituo vilivyotoka vyote katika Injili: vinaanzia Getsemane, yumo Petro anayemkana Bwana, yumo na yule mwizi aliyetubu. Hakuvifuta vile vya zamani. Mimi Veronika simwachi, maana kila nikimwona mtu akimfuta mgonjwa jasho namkumbuka yeye.

Mkwe wako akija tena, mkaribishe chai, kisha mfungue Marko 15:21. Simoni wa Kirene yumo humo, anatoka zake shamba, anakamatwa kubeba msalaba wa mtu asiyemjua, na wanawe wawili wametajwa kwa majina. Hicho ni kituo chetu cha tano. Mwombe akusomee yeye, taratibu, nawe uketi.