Bwana shamba atakuwa simu? Jibu la muuza pembejeo wa Moshi

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama kuna haja ya mdogo wako kusomea ugani wakati akili mnemba kwenye simu inamjibu mkulima bure, hata usiku wa manane, bila kudai nauli. Wachangiaji wengi wamekwambia asipoteze ada. Mimi nauza pembejeo hapa Moshi mjini, karibu na soko la Mbuyuni, huu ni mwaka wa 17. Kwenye leseni imeandikwa nauza mbegu, mbolea na dawa. Kutwa nzima nashauri, na hiyo hailipiwi. Ngoja nikueleze ninachokiona nikiwa kaunta. Ni kirefu kidogo, chukua chai.

Kwanza nikubali yanayokubalika, tusije tukabishana bure. Simu inajua mambo mengi kuliko mimi. Kuna programu inaitwa Nuru, imetengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kwa kushirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Unaielekezea jani la muhogo, au hindi lililoliwa na kiwavijeshi vamizi, inakwambia tatizo ni nini kwa Kiswahili na bila bando. Kijana wangu wa dukani akiletewa jani asilolijua analipiga picha kabla hajaniita, na mara nyingi anapatia. Kipimo cha dawa kwa bomba la lita 16, siku za kusubiri kabla ya kuchuma, dawa zipi hazichanganywi, yote hayo unayapata kabla mimi sijavaa miwani. (Lebo ya chupa isome hata hivyo.)

Tena kuna mahali inanishinda kabisa, nako ni kwenye aibu. Kijana mmoja wa kazi alipiga nyanya za bosi wake kwa bomba lililokuwa na masalia ya dawa ya magugu. Nyanya zikajikunja zote. Kwangu alikuja siku ya tatu. Siku ya kwanza alikuwa ameshaiambia simu kila kitu, maana simu haimjui bosi wake na haitamcheka. Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu yake ELIZA, ambayo ilikuwa inachukua maneno yako na kukurudishia kama swali, basi. Ukiandika una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Katibu muhtasi wake, aliyekuwa akijua fika kwamba ile ni programu tu, alianza kuchati nayo na baada ya muda mfupi akamwomba bosi atoke chumbani. Weizenbaum mwenyewe alishtuka. Kwa hiyo anayesema mtu hawezi kuifungulia mashine moyo amechelewa karibu miaka 60.

Sasa nije kwa mzee wa Kibosho.

Novemba mwaka juzi aliingia dukani na simu ya tochi mkono mmoja, karatasi mkono wa pili. Kijana wake wa Dar es Salaam alipokuja msibani alipiga picha majani ya kahawa, akaiuliza akili mnemba, kisha akamsomea mzee jibu naye akaandika kwa mkono wake. Jibu lilikuwa sahihi. Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu ya majani. Apige dawa ya kopa, ambayo wazee wengine bado wanaiita mrututu, na arudie kwa vipindi. Huko mbele ang'oe mibuni ya zamani, apande miche chotara ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kutoka Lyamungo, inayohimili kutu na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Mibuni yake ni N39 na KP423, aina za tangu enzi, na kutu inazipenda kama nzi na mbege. Ningeulizwa mimi, ningejibu hivyo hivyo.

Alitaka dawa ya mibuni 600. Nikaanza kupiga hesabu. Katikati ya hesabu nikagundua mzee hajauliza bei. Miaka yote hii sijaona Mchagga ananunua mzigo wa laki na ushee bila kuuliza bei, mnisamehe ndugu zangu, mimi ni wa Marangu, najisema mwenyewe. Halafu macho yake hayakuwa kwenye chupa za dawa, yalikuwa kwenye kalenda iliyoning'inia nyuma yangu.

Nikamwambia, "Baba, kaa kwanza. Nani atapiga?"

"Nitapiga."

"Wewe mwenyewe?"

Akanyamaza. Bomba likijaa linapita kilo 16 mgongoni, na kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Kibosho si uwanja wa mpira. Ni mteremko, migomba imebanana, mfongo wa maji ya kumwagilia unakatiza katikati, na mvua za vuli zimeshalainisha udongo. Mzee ana miaka sabini na kitu. Sikumsemesha tena. Nikamhudumia mama mmoja aliyetaka mbegu za mchicha, nikarudi, bado kanyamaza. Ndipo akasema, kama vile anaongelea hali ya hewa, "Mama alikuwa anapiga."

Mama ni mkewe. Alifariki Mei mwaka ule ule. Ndio ule msiba ambao kijana alikuja akapiga picha majani.

Yaliyobaki yalitoka kidogo kidogo, robo saa nzima. Desemba inakuja, na sote tunajua Desemba huku kwetu: magari yanapanda kutoka Dar, kila boma linajaa. Mtoto mkubwa anataka kahawa ing'olewe yapandwe maparachichi. Wa pili anataka ajenge. Kitindamimba, ambaye kwa mila zetu ndiye wa kubaki na boma la wazazi, anaendesha magari ya watalii Arusha na hajasema lolote. Mzee alitaka kahawa iwe imenawiri kabla hawajafika, wasije wakaamua juu yake akiwa hai. Aliingia na swali la kutu, lakini alilobeba ni hili: wanangu wakija nitawaonyesha nini? Mzee wa Kichagga swali hilo hamwambii hata mchungaji, seuze alichapishe kwenye simu ya mtu.

Na hata kwa lengo lake hilo, dawa isingemsaidia. Kopa ni kinga. Jani lililokwisha kushikwa na kutu haliponi, litaanguka tu, Krismasi au si Krismasi. Angemaliza pesa, aumie mgongo, na wanawe wakute mibuni imepukutika vile vile, safari hii na chupa tupu kama ushahidi.

Nikamshauri asinunue. Nikamwambia ampigie kitindamimba kabla ya wengine, amwambie jambo moja tu, kwamba bomba halimwezi tena. Akija, watazame pamoja robo ya shamba ikatwe visiki mwanzoni mwa mwaka, kahawa ikishachumwa na kabla ya masika, machipukizi yatoke upya. Robo tu, kwa sababu mbuni uliokatwa kisiki unakaa kama miaka miwili bila kukupa kitu cha maana, na mzee hawezi kukaa miaka miwili bila kahawa kabisa. Siku ile kwake niliuza shilingi sifuri. Mume wangu alinuna mpaka usiku.

Najua mtu ataandika hapo chini kwamba mzee angeieleza mashine mambo yote hayo, nayo ingempa ushauri ule ule, pengine kwa lugha nzuri zaidi. Nakubali. Ila "angeieleza" ndiyo kazi yote ilipolala. Simu inajibu ulichofaulu kuuliza. Haioni kwamba hukuuliza bei, haioni kalenda, na ukinyamaza inakusubiri ilivyo, haijui kuwa umenyamaza. Na sisi tunaokuja madukani, hospitalini, ofisi za kata, tunaleta swali linalosemeka. Lenyewe tunaliacha mlangoni.

Msifikiri nilizaliwa na akili hizi. Mwaka wangu wa tatu dukani alikuja mama mmoja, ana ekari tatu tambarare upande wa Kahe, shamba la kutegemea mvua. Akauliza mbolea kiasi gani kwa mahindi. Nikamjibu kama mashine, tena mashine nzuri: DAP mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari wakati wa kupanda, urea mfuko mmoja kwa ekari wakati wa kukuzia. Mifuko sita, asante, karibu tena. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Masika ile mvua ilikuja wiki mbili ikakata. Baadaye ndipo nikajua ile pesa ilikuwa ya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na mumewe hakuwa na habari. Ningemuuliza tu "pesa ya nani?", ningemwambia aweke mbolea ekari moja, mbili aziache zijaribu bahati. Sikuuliza.

Nilikutana naye Mbuyuni miezi kadhaa baadaye, anauza ndizi za rejareja, chini, kwenye kiroba. Akanisalimia vizuri tu, hakuwa na kinyongo hata kidogo. Nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji. Tangu siku ile, mtu akitaja kiasi kikubwa, mdomo wangu unauliza wenyewe, ya nani hiyo? Hakuna kozi iliyonifundisha hilo, ni yule mama na kiroba chake. Simu imesoma maandishi ya dunia nzima lakini haipiti Mbuyuni kukutana na watu iliowashauri.

Kuna jambo lingine dogo, ila linanikera. Inakubali mno. Nilijaribu mwenyewe jioni moja duka limetulia. Nikaiandikia kwamba nimeamua kung'oa kahawa nipande maparachichi, ikanipongeza kwa kuona mbali na kunipa hatua saba. Nikafungua mazungumzo mapya, nikaandika nimeamua kubaki na kahawa, maparachichi ni mkumbo. Ikanipongeza kwa msimamo. Wenye nayo wanalijua tatizo hili. Aprili 2025 OpenAI waliondoa toleo jipya la ChatGPT na kurudisha la zamani kwa sababu lilikuwa limezidi kumsifia kila mtu. Labda watalirekebisha liishe. Ila wewe unayemfahamu shangazi yako unajua kwamba siku nyingine ushauri wake wote ni kukutazama tu, anageuza ndizi jikoni, hasemi kitu, nawe unaahirisha ndoa. (Yangu iliahirishwa mwaka mzima, na alikuwa na haki.)

Kwa hiyo, mkuu, mdogo wako aende. Ila akienda kwa ajili ya kukariri vipimo vya dawa, hapo waliokuandikia juu wana hoja, vipimo viko mfukoni mwa kila mtu. Likizo zake akakae kwenye duka la pembejeo au amfuate afisa ugani wa kata anayepanda vihambani kwa miguu. Asiruhusiwe kujibu kitu mwezi wa kwanza. Awe anasikiliza watu wanavyoanza maneno, wanapoishia, na nani anatumwa kuja kuuliza kwa niaba ya nani. Lugha pia aitafute: yule mzee alipozidiwa alihamia Kikibosho, na mimi wa Marangu nilishika nusu tu, lakini ile nusu ndiyo iliyokuwa na jina la mkewe. Simu atumie, tena aitumie sana, impunguzie kazi ya kukumbuka ili macho yabaki kwa mtu.

Mzee alirudi Februari, safari hii na kitindamimba wake, kijana mrefu mwenye fulana ya kampuni ya utalii. Sikuuliza walikubaliana nini Desemba, wala hawakuniambia. Walichagua msumeno wa kukatia visiki. Mzee akaugeuza, akapima meno yake kwa kidole, akauliza bei. Nikamtajia. Akasema ni ghali, kule Kiborloni atapata kwa nusu. Tukabishana kama dakika kumi.