Umemaliza VETA? Ulizia mashine kabla ya kuulizia mshahara

Kila matokeo ya VETA yakitoka, simu yangu haipumziki. Binamu wa Morogoro, jirani wa zamani wa Tandika, mama mmoja wa jumuiya yetu, wote swali moja: "Kijana kamaliza ufundi mitambo, huko kiwandani kwenu hamna nafasi?" Nimelijibu mara nyingi mpaka nimeamua niandike jibu lote mahali pamoja. Atakayenipigia tena namtumia hili.

Nafasi zipo. Tatizo ni kwamba kijana na mzazi wake wakisikia neno kiwanda wanaona jengo kubwa lenye bango barabarani na foleni ya watu getini alfajiri, wakadhani kila anayepita lile geti anakwenda kushika spana. Mimi niko Mkuranga, Barabara ya Kilwa, kwenye kiwanda chenye watu 200 na ushee. Karakana nzima tuko 14: mafundi mitambo, mafundi umeme, mchomeleaji mmoja na mkereza vyuma mmoja, ambaye ni binti na ndiye ninayeomba asiugue. Waliobaki wanapakia, wanafunga maboksi, wanalisha mashine malighafi. Kwa hiyo ukisikia kiwanda kipya kinatangaza ajira 300, wewe mwenye cheti cha ufundi hesabu kwamba zinazokuhusu labda ni 20. Zile 280 sizidharau. Nimezifanya.

Nilimaliza chuo cha VETA Chang'ombe mwaka 2011. Miezi miwili baadaye nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha plastiki upande wa Barabara ya Nyerere, kitengo cha ndoo. Kazi yangu ilikuwa kukata kwa kisu mabaki yanayobaki pembeni ya ndoo, kuweka mshikio, na kupanga kumi kumi. Nilijiambia nipo hapa kwa muda tu, wakiona cheti changu watanihamisha. Hakuna aliyekiona, kwa sababu hakuna aliyekiuliza. Kibarua anaandikwa jina kwenye daftari asubuhi, jioni analipwa chake, basi. Miezi 8 ikapita hivyo. Usiku mmoja nimelala, nikajaribu kukumbuka jinsi ya kusoma maikromita, kile kifaa cha kupimia unene wa vyuma, nikakwama katikati. Sikupata usingizi tena.

Kilichonitoa kwenye ndoo ni beringi, ule mduara wa chuma wenye gololi ambao shafti huzungukia ndani yake. Mota ya mashine ya kusaga mabaki ilikuwa inalia, mtu wa stoo akatumwa kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, akarudi na beringi yenye namba 6205, sawasawa na ya zamani. Mimi nimesimama na ndoo zangu karibu na meza yao. Nikaona hii mpya iko wazi, gololi zinaonekana, wakati ya zamani ilikuwa na mfuniko wa mpira pande zote mbili na imeandikwa 2RS. Kwenye vumbi la plastiki namna ile, beringi ya wazi haichukui muda. Nikasema. Fundi mkuu akaniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi anaongea, kisha akauliza: "Na hiyo 05 ni nini?" Nikamwambia ni tundu la katikati, unazidisha kwa 5, milimita 25. Wiki iliyofuata nilikuwa karakana naosha vipuri kwa dizeli. Pesa ileile ya kibarua, lakini nimeshavuka mlango.

(Kwa mnaoanza: kuzidisha kwa 5 kunaanzia 04. Ukikuta 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Hizo nne hazina ujanja, kariri.)

Simwambii mtu akatae kibarua. Kodi ya chumba haijui kwamba una cheti. Ila ukiingia, jiwekee mwezi wa mwisho kichwani, na uombe kitengo kilicho karibu na mashine hata kama kina kelele na joto. Anayepakia mifuko kwenye lori hawezi kuona beringi iliyonunuliwa vibaya.

Sasa nije kwenye lile ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Kiwanda kikubwa si lazima kiwe shule nzuri. Tulipokuwa tunahitimu, mwenzetu mmoja alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa kule Mbagala. Tulimcheka, maana mshahara wake ulikuwa haufiki hata tulichokuwa tunaota. Pale alikuwa fundi peke yake. Kompresa inayosukuma hewa ya baa 30 ya kupulizia chupa ni yake, mashine ya kujaza ni yake, pampu na vichujio vya maji ni vyake, jenereta ni yake. Kikisimama chochote saa nane usiku, anayeamshwa ni yeye. Baada ya miaka 2 tulikutana, akawa ananieleza mambo ya vali za hewa na vihisi ambayo mimi, niliyekuwa kwenye kiwanda cha mamia ya watu, sikuwa nimewahi kuyagusa. Mimi nilikuwa nimepewa mashine 3 za aina moja, nabadilisha sili za haidroliki zilezile kila mwezi. Leo anaitwa kwenye viwanda vya watu wengine kufunga mitambo mipya, na bei anapanga yeye.

Ndiyo maana nasema ulizia mashine. Kwenye usaili wengi wanasubiri kuulizwa tu. Uliza na wewe, kwa adabu: karakana ina watu wangapi? Mnafanya matengenezo ya kinga au mnasubiri mashine isimame? Mota ikiungua mnasuka nyaya zake hapahapa au mnapeleka nje? Mtu wa karakana akiulizwa hivyo anakaa vizuri kwenye kiti. Na kama anayekusaili hajui lolote kati ya hayo, kuna uwezekano mkubwa unaajiriwa kubeba.

Usifikirie Dar es Salaam na Pwani tu. Singida na Dodoma kuna mashine za kukamua alizeti, na nyingi zinafanya kazi miezi michache baada ya mavuno kisha zinasimama kwa kukosa mbegu. Vijana wanaona hapo hakuna ajira. Lakini ile parafujo inayokamua inalika, inahitaji kujazwa kwa kuchomelea kisha ikerezwe irudi kwenye kipimo chake, na kazi hiyo hufanywa wakati mashine imesimama. Mchomeleaji mwenye mkono mzuri, akishirikiana na mkereza, anaweza kuzungukia mashine za matajiri watano bila kuajiriwa na hata mmoja. Maeneo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mikoani ni pa kuanzia kuulizia nani ana mashine ya kukereza, nani anatafuta mtu.

Siku hizi mimi ndiye nakaa upande wa pili wa meza. Cheti nakiangalia, ndiyo, lakini mezani naweka bolti tatu, kontakta moja (swichi ya sumaku inayowasha mota) na beringi iliyokufa. Naanza na bolti: hii ya M10 inafunguliwa kwa spana namba ngapi? Anayeshika kazi anasema 17 kabla sijamaliza, na ya M8 ni 13. Anayetunga anaanza kuangalia dari. Halafu namuuliza fundi umeme: mota ya kilowati 7.5 inakata ovalodi, yaani kinga inayoizima ikizidiwa, kila baada ya dakika 10, unaanzia wapi? Hapa ndipo wengi wanaponiumiza roho. Jibu ninalolisikia zaidi ni kwamba ataongeza kipimo cha ovalodi. Mdogo wangu, hapo umeshaniunguzia mota. Ninayemtaka atasema anasoma kwanza kibao cha mota, anapima ampea za fezi zote tatu kwa klampu mita, anatazama kama zimelingana. Mota hiyo kwa volti 400 inakula ampea kama 15. Fezi moja ikipotea, mbili zilizobaki zinabeba mzigo wote. Fezi zikiwa sawa na ampea ziko juu, anashuka kwenye mitambo: mkanda umekazwa kupita kiasi? Beringi imekamata? Kuna kitu kimenasa kwenye konveya? Simtaki aniambie jibu. Nataka nimuone anatafuta.

Na ukiwa hujui, sema hujui. Nimemchukua kijana mmoja aliyeniambia, "Kaka, hii kontakta naijua kwa kuichora tu, sijawahi kuifungua." Nikampa bisibisi.

Kuna suala la lugha. Mitambo mingi tunayofunga sasa inatoka China na India, na si mara moja nimefungua paneli nikakuta maandishi yote ni ya Kichina. Kuna mafundi wanafunga paneli hapohapo na kusubiri mgeni arudi. Piga picha kwa simu, tumia programu ya kutafsiri, kisha andika tafsiri yake kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa paneli. Alama za michoro ya umeme hazihitaji tafsiri, ukizijua unasoma michoro ya nchi nyingi. Wale wataalamu wa kigeni wanaokuja kufunga mashine tunawasema sana kwamba wanaficha ujuzi. Wapo wanaoficha. Lakini nimeona wengi zaidi wanaofundisha anayewashikia tochi mpaka saa mbili usiku, wakati wenzake wameshapanda daladala.

Weka daftari. Dogo tu la mfukoni, lenye tarehe, mashine, ilikuwa na nini, ulifanya nini, kipuri namba ngapi. La kwangu la kwanza lina madoa ya grisi mpaka kurasa zimeshikana. Nilipohama kiwanda, kwenye usaili sikujieleza sana, nilimpa msimamizi daftari akawa analifungua mwenyewe. Alikuta mashine anayoifahamu, akaniuliza hilo tatizo nililimalizaje, na tukaongea ufundi dakika 40.

Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, la mnyororo wa konveya. Nilizima kwa kitufe tu nikaingiza mkono, mwenzangu wa upande wa pili hakuniona, akawasha. Bahati yangu mnyororo ulikuwa unakwenda polepole. Nunua kufuli lako mwenyewe, na ufunguo uwe mmoja na ukae mfukoni mwako. Unazima swichi kuu, unaipiga kufuli, ndiyo unaingiza mkono. Watakucheka wiki ya kwanza. Waache.

Karatasi za ajira usizione ni kazi ya wasomi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, na malipo yake ni mara moja na nusu. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 zako na 10 za mwajiri. Fuatilia mwenyewe kama michango inafika, kwa sababu kukatwa kwenye mshahara ni jambo moja na kupelekwa ni jambo lingine. Nimewahi kukuta miezi 5 yangu haipo, nikaifukuzia mpaka ikaingia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiona umekatwa hela kwa jina la WCF, uliza. Na ukiumia, hakikisha tukio limeandikwa siku hiyohiyo, hata kama msimamizi anakubembeleza mlimalize kwa nauli na supu.

Namna ya kuingia, sasa. Getini alfajiri wanatafutwa vibarua wa siku. Ukisimama pale na cheti utaitwa "wewe mrefu, njoo ubebe". Barua yako iandike kwa mkuu wa matengenezo, na useme kwa sentensi mbili mashine ulizowahi kuzishika, hata kama ni za chuoni. Kama bado uko masomoni, fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, usiitafute karibu na kwa shangazi kwa sababu kuna chakula. Ndiyo nafasi pekee utakayoingia karakana ya mtu bila kuulizwa uzoefu.

Mlango mwingine ambao sijui kwa nini hausemwi ni kipindi cha matengenezo makubwa. Viwanda vingi husimamisha uzalishaji kwa siku kadhaa ili mitambo ifunguliwe yote, na mafundi wa ndani hawatoshi. Kwetu ni wiki mbili za mwisho wa Desemba, na huwa tunachukua vijana 6 mpaka 8 wa muda. Wawili kati ya wale 14 waliingia hivyo hawakutoka. Viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero na Mtibwa, vinafunguliwa mitambo wakati wa masika, miwa ikiwa haivunwi. Majina ya watu wa Desemba mimi huyakusanya kuanzia Oktoba, kwa hiyo barua inayonifikia tarehe 15 Desemba naisoma nikiwa tayari nimegawa ovaroli.