Vidole Vinavyohesabu Mezani

SWALI: Binti yangu wa miaka tisa anafundishwa hesabu kwa abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, na mwalimu jirani yetu. Siku hizi nikimuuliza hesabu, hufumba macho na kuchezesha vidole juu ya meza kabla ya kujibu. Baba yake asema ni mchezo wa bure, kwa kuwa kila simu ina kikokotoo. Je, tumwachishe?
Mzazi, Kisauni, Mombasa

JIBU: Msimwachishe, mama, wala msivizuie vidole hivyo, maana ndivyo vinavyohesabu. Abakasi ya Kijapani, soroban, ambayo nadhani ndiyo aliyoanzia, ina fito zenye ushanga mmoja juu ya upau, wenye thamani ya tano, na shanga nne chini yake, kila mmoja ukiwa na thamani ya moja; kwa hiyo ufito mmoja hauwezi kuonyesha zaidi ya tisa. Uhaba huo ndio unaomfundisha. Akiwa na saba na kutakiwa aongeze nane, shanga hazimtoshi, hivyo hana budi kukumbuka kwamba nane imepungukiwa na mbili ili itimie kumi: huondoa mbili katika ufito wa mamoja, ikabaki tano, kisha husogeza ushanga mmoja katika ufito wa makumi, na kumi na tano ikawa mbele ya macho yake bila kuhesabiwa moja moja. Muuza viungo wa Marikiti anayerudisha chenji ya shilingi mia kwa bidhaa ya shilingi 65 naye hutimiza vivyo hivyo: tano ifike 70, thelathini ifike mia.

Baada ya mazoezi ya muda mrefu, picha ya shanga hukaa akilini na vidole husogeza shanga zisizokuwepo.

Baba mtoto ana hoja, lakini si yote. Mwaka 1946 mjini Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki aliyetumia soroban alimshinda mwanajeshi wa Marekani, Thomas Wood, aliyetumia mashine ya umeme, kwa 4 kwa 1, akishindwa katika kuzidisha tu. (Simu ya leo ingewashinda wote wawili.) Faida ya binti yenu ni kwamba simu ikibonyezwa vibaya, yeye atashtuka.

Ninalolihofia ni jingine. Mpe fumbo la maneno: nazi 48, vikapu sita, kila kikapu kitapata ngapi? Akikimbilia shanga kabla ya kukueleza kwa nini anagawanya, mwombe mwalimu apunguze mwendo.