Majani yamelala kama duara kwenye ukoka, dawa haiyatishi

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Uyole hapa Mbeya, mwaka juzi nilipanda ukoka mbele ya nyumba ukakubali vizuri tu, sasa mvua za Novemba zilivyoanza, pale watoto wanapochezea mpira na baba yao anapopaki gari yameota majani yamelala chini kama duara, ukivuta yanakatika hayang'oki. Nimepiga ile dawa ya majani mapana tunayopigia mahindi, hata kunyauka hayajanyauka. Hii ndo sangari? – Mama Pacha

JIBU: Marahaba Mama Pacha. Sangari hapana, sangari ukichimba ungekuta mizizi mirefu inatambaa chini kwa chini, hiyo yako haitambai. Hebu inama uangalie shina moja, pale katikati si pamebapa na ni peupe peupe kama pamekanyagwa? Na shuke lake si limechanua kama vidole? Basi huo ni ulezi mwitu, wataalamu wanauita Eleusine indica, ndugu kabisa wa ulezi tunaopikia uji, ila kimea usitegemee.

Dawa yako imeshindwa kwa sababu huo ni nyasi kama ukoka wenyewe, dawa ya majani mapana haiugusi. Na usije ukakimbilia zile dawa za kuua kila kitu, utabaki na uwanja mtupu, halafu huko Malaysia tangu 1997 ulishaonekana ulezi mwitu ambao hata glaifoseti, mojawapo ya dawa hizo, hauiogopi.

Shida yako ni udongo kushindiliwa. Ukoka ukikosa hewa unadhoofika, huu ulezi mwitu ndo unasherehekea. Kwa hiyo subiri mvua inyeshe udongo ulainike, chukua kisu ung'oe na mzizi wake wote kabla shuke halijakomaa, kisha chomachoma pale kwa jembe uma, mwaga samadi iliyooza, pandikiza vipande vya ukoka. Usifyeke mpaka udongo uonekane, nawajua watu wa slesha nyie, mbegu zake zikipata jua tu zinaota. Watoto wahamishe goli kwa muda, ila gari mtafutie sehemu ya kokoto, ukoka na tairi haviivi chungu kimoja.

Yale yenye mashuke usiyatupe kwenye samadi, shina moja linabeba mbegu maelfu, yaanike uyachome. Na Novemba ijayo mengine yataota tu, mbegu zimeshalala humo ardhini, we ng'oa tena yakiwa machanga.